Kwa Asya, Anayekwenda Kuutafuta Uzito Usioonekana

Mtambile, Alhamisi baada ya alasiri

Mwanangu Asya,

Mungu akulinde huko Uingereza uendako, na akurudishe ukiwa mzima. Wewe umekwenda Chake Chake kuwaaga watu wa upande wa mama yako. Shangazi yako Zuhura yuko uani anakaanga visheti vya safari na kuwafokea majirani wanaokuja kuchungulia sanduku lako. Mimi nimejifungia ukumbini na kalamu kwa sababu najijua. Kesho gatini Mkoani nitakuuliza kama umechukua koti, nitakuuliza kama kamba ya sanduku imekaza, halafu meli italia, utapanda, na yote niliyotaka kukwambia yatabaki kifuani mwangu.

Mambo ya baridi, ya chakula cha halali na ya kujihadhari na watu wasiojulikana, shangazi yako ameshayasema mpaka umeanza kumkimbia. Siyarudii. Nataka kukuandikia habari za kaka yako Omar, za mama yako, na zangu mimi. Mengi unayajua, maana yalitokea mbele yako. Lakini uliyaona ukiwa mtoto. Nataka uyaone kutoka pale nilipokuwa nimesimama mimi, uone jinsi mtu mzima, mwenye akili zake, mwalimu wa hesabu, anavyoweza kukosa kuona kilicho mbele ya pua yake.

Omar alipozaliwa nilikuwa ndiyo kwanza nimepewa kazi skuli ya hapa. Nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kula mshahara wa serikali, na nilijivuna, sitaki kukuficha. Nilipomshika yule mtoto nilishapanga maisha yake yote: skuli ya hapa, sekondari ya Unguja, kisha Kampala, kisha Ulaya. Alikuwa bado hajafumbua macho vizuri, nami nilishamvalisha joho.

Kumbe Mungu alimuumba Omar kwa mambo mengine. Unamkumbuka? Mikono yake haikutulia. Akipewa kufuli lililoshika kutu, jioni linafunguka. Msimu wa karafuu hakuna kijana aliyepanda mkarafuu kama yeye, na akishuka anaimba, na wanawake wanaochambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, kwenye majamvi wanamjibu wimbo wake. Lakini ukimwambia robo tatu ya kumi na mbili ni ngapi, anatazama dari.

Nami nilikuwa nikimpiga. Hilo ulilisikia kutoka chumba cha pili, kwa hiyo sina haja ya kulipamba. Skuli nzima walijua kwamba Mwalimu hampendelei mwanawe, na mimi nilidhani hiyo ni sifa. Kila jioni baada ya magharibi nilimkalisha hapa ukumbini, taa ya chemni katikati, nikamuuliza hesabu za mdomo. Wewe ulikuwa ukikaa nyuma yangu kwenye jamvi, unachambua karafuu na mama yako. Ulikuwa na miaka saba.

Kuna wakati Omar akaanza kupata. Ya kwanza alipata, ya pili akapata, nikaanza kutabasamu peke yangu. Wiki nzima nilitembea barabarani kama mtu aliyeoa. Mpaka jioni moja nikageuka ghafla kuchukua maji ya kunywa, nikaona karafuu mbele yako zimepangwa safu kwa safu, na macho ya Omar yamezigandia. Nilimuuliza theluthi mbili za kumi na nane. Mbele yako kulikuwa na safu tatu za sita sita, na safu moja ulikuwa umeisogeza pembeni.

Nilimpiga Omar jioni ile kuliko siku nyingine zote. Nilisema amenidanganya. Wewe sikukugusa, wala sikukwambia neno. Nilizifagia zile karafuu kwa mguu, nikatoka kwenda msikitini.

Niliporudi, mama yako alikuwa amekaa palepale, hajainuka. Mama yako Mkasi hakuwa mtu wa kelele, unamjua. Aliniambia, "Mwalimu, umekwisha kumpiga Omar?"

Nikamwambia nimekwisha.

"Haya. Sasa hebu niambie. Zile hesabu kazifanya nani?"

Sikumwelewa. Wallahi, mwanangu, sikumwelewa. Nikamwambia, "Si nimekwambia, kadanganya."

"Nakuuliza kazifanya nani. Wewe ndiwe mwalimu. Mtoto wa miaka saba, hajafundishwa na mtu, kazijulia wapi?"

Nilikuwa nimeshughulika mno na mtoto nisiyemtaka awe alivyo, hata mtoto aliyekuwa kama nilivyoomba amekaa mgongoni kwangu, nami simuoni. Wewe sasa unakwenda kufanya kazi ya kutazama nyota. Watakupa mirija mikubwa na vioo vya gharama. Nakuomba tu ukumbuke kwamba baba yako alikuwa na macho mazuri sana siku zile, anasoma herufi ndogo bila miwani.

Mama yako ndiye aliyekupeleka skuli ya wasichana Chake Chake. Alikushika mkono asubuhi na mapema, amevaa buibui lake la sikukuu, akaniambia, "Twenda zetu," nami sikuthubutu kumuuliza wapi. Watu wakasema, mtoto wa kike asome mpaka wapi? Akawajibu, "Mpaka atakapochoka mwenyewe." Usiwasahau watu waliokupigania kabla hujajua kuna vita.

Sasa nije kwenye lile ambalo tumekuwa tukilizunguka, mimi na wewe, miaka yote hii.

Omar alipokuwa na miaka kumi na saba akashindwa mtihani kwa mara ya pili. Matokeo yalipokuja nilikuwa nimekaa barazani kwa marehemu Mzee Bakari, na watu wapo, na mmoja akaniuliza kwa wema tu, "Mwalimu, kijana wako vipi?" Nikajibu, kwa sauti, na Omar amesimama pale njiani na kapu la muhogo kichwani, "Mimi sina kijana. Nina binti tu."

Wale watu walicheka kidogo, kwa kuona haya. Omar alilishusha lile kapu, akaliweka chini taratibu, kama lina mayai, akaondoka. Jioni alikula na sisi. Alikutania, alimsaidia mama yako kuingiza majamvi ndani kwa sababu mvua ilikuwa inanyemelea. Mimi nikadhani limekwisha. Kulipokucha hakuwepo. Baadaye tukasikia amevuka kwenda Tanga, kwenye mashamba ya mkonge.

Miaka miwili hatukupata hata salamu. Kisha akaja Makame wa Mkoani, aliyekuwa akifanya kazi hukohuko. Alisimama pale mlangoni, akakataa kukaa, nikajua. Alisema Omar ameshikwa na homa, na siku chache tu akafariki, na wenziwe wakamzika huko shambani.

Mama yako alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Akauliza, "Makame, baba, kaburi umeliona kwa macho yako?"

"Sikuliona, Bi Mkasi. Mimi nilikuwa nimehamishiwa shamba jingine. Nimehadithiwa na wenzangu."

"Basi hujaliona."

"Sikuliona, mama."

Nikafanya hitima. Watu wakaja, wakasoma, wakala, wakatupa pole. Mama yako hakukaa na wanawake. Alikuwa jikoni anapika kama mpishi wa kukodiwa. Watu walipoondoka nikamwambia, Mkasi, tuyakubali yaliyoandikwa. Akanijibu, "Mungu akinichukulia mwanangu nitasema alhamdulillahi. Lakini wewe nenda Tanga ukaniangalilie kama kamchukua. Ukirudi ukaniambia umesimama juu ya kaburi lake, nitalia kama watu wengine."

Nikamuahidi nitakwenda.

Sikwenda, Asya. Mwaka wa kwanza nilisema skuli haina mwalimu mwingine. Mwaka wa pili karafuu zilizaa kweli. Halafu masika ilikuwa kubwa. Halafu zikaja siasa hizi za vyama, watu wakaanza kuulizana nani kanunua kwa nani na nani kasali nyuma ya nani, nikasema si wakati wa kuiacha nyumba. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililonisaidia kujidanganya. Ukweli ni kwamba niliogopa kulikuta lile kaburi, na niliogopa pia kutolikuta, kwa sababu kama yu hai basi miaka yote hiyo yu hai na hataki kuniona.

Wewe ulikuwa unakua katika nyumba hiyo. Ulikwenda sekondari Unguja, ukawa unarudi likizo, na kila ukirudi umerefuka na umenyamaza zaidi. Mwaka ule Warusi walipotupa chombo chao juu kikawa kinazunguka dunia, ulikuwa hapa. Sote tulikwenda uwanja wa skuli baada ya magharibi. Shehe alikuja, na wavuvi, na watoto wote wa chuo cha Kurani. Ulikuwa umesikia redio ya yule Mhindi wa dukani saa kitakachopita, ukatuonyesha upande wa kutazama. Kikaja kweli, kijitaa kidogo, kinakwenda bila sauti. Watu wakapiga takbiri. Na mama yako akakushika bega, akakuuliza, "Asya, hicho kinapita juu ya Tanga?"

Nilikuwa karibu, nilisikia. Ulifikiri kidogo, ukamwambia, "Kinapita, Mama. Sasa hivi kipo juu ya Tanga."

Akaendelea kutazama mpaka watu wote wakaondoka. Mimi nilitangulia nyumbani. Niliona haya kusimama karibu naye.

Ulipopata nafasi ya Kampala nilisema usiende. Unalikumbuka hilo, ulilia siku mbili. Nilisema ni mbali, nikasema utakuwa msichana peke yako katika darasa la wanaume, nikasema watu watanena. Mama yako akaniuliza, "Wewe waogopa watu, au waogopa na huyu asirudi?" Ukaenda. Na huko ndiko ulikokutana na hili jambo lako.

Halafu mama yako akaugua. Tumbo lilianza kuvimba mwezi wa Rajabu. Hospitali ya Chake walimtazama, wakanipa dawa za maumivu, na mganga, mtu mpole, akanishika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Nikafahamu. Mama yako naye alifahamu. Akasema, "Mwite Asya."

Ulikuwa na mtihani wako wa mwaka. Nikatia akili ya kimwalimu: wiki mbili tu, amalize, ndipo nimpigie simu ya maandishi. Kila siku aliuliza, "Umempigia simu?" Nami nikamjibu, yuko njiani. Alikufa akitazama mlango. Ulipofika kaburi lilikuwa limeshaanza kukauka.

Nilikwambia yote siku ileile, kwa sababu uliniuliza, nami nilikuwa nimechoka na kuficha. Sikutegemea unisamehe, na hukusema umenisamehe. Hukupiga kelele. Ulikwenda kukaa kwenye majamvi nyuma ya nyumba, ukawa hapo kutwa nzima, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Shangazi yako alikuwa akikupelekea chai, inapoa. Nilitamani unitukane.

Ukinitaka nikwambie nimejifunza nini hapo, nitakwambia hili tu. Nilidhani mtihani ni kitu kikubwa na kifo ni kitu kitakachosubiri. Nilikuwa nimeshampoteza mtoto mmoja kwa ajili ya mtihani, na bado sikujua. Mtu anaweza kufanya kosa lilelile mara mbili katika maisha yake na mara ya pili akaliona ni busara. Shangazi yako na mjomba wako wa Chake nimewaagiza: mimi nikilala kitandani, upigiwe simu siku hiyohiyo, uwe na mtihani, uwe na mkutano na wakubwa, uwe na nini. Kurudi au kutorudi utaamua wewe. Kujua ni haki yako.

Jioni ile uliponisemesha tena, nilikuwa ninaanua karafuu. Ukaja na kipande cha kamba ya makumbi ya nazi, umekifungia jiwe mwishoni. Ukasema, "Baba, tazama." Ukalizungusha juu ya kichwa chako, na kuku wakakimbia.

"Kwa nini haliruki?" ukaniuliza, kama vile mimi ndiye mwanafunzi.

"Kamba imelishika."

"Na nikizungusha kwa kasi zaidi?"

"Utataka kamba nene zaidi. Hiyo itakatika."

Ukaliacha likasimama. Ukaniambia kwamba nyota hazikutawanywa ovyo, zimekaa makundi makundi, kila kundi kama kijiji chenye nyota zisizohesabika, na vijiji vyenyewe navyo vimekusanyika mahali pamoja, vinazungukana. Ukasema kuna mtu aliyevipima mwendo zamani kidogo, kabla ya vita vikuu vya pili, akaona vinakwenda mbio mno. Ukichukua uzito wa kila kinachowaka mle ndani ukaujumlisha, kamba ni nyembamba, haitoshi hata kidogo kuvishika. Vilitakiwa viwe vimekwisha kuruka kila kimoja upande wake.

"Lakini havikuruka," ukasema.

"Labda alikosea hesabu."

"Ndivyo alivyosema mwalimu wangu Kampala. Alicheka. Nikazifanya upya, Baba. Nimezifanya tena na tena. Hazikukosewa, au kama zimekosewa si kwa kiasi hicho. Kuna kitu mle ndani chenye uzito na hakiwaki. Hakionekani kabisa. Na ni kikubwa kuliko vyote vinavyoonekana."

"Ni kitu gani?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Wengi hata hawataki kuulizwa. Mwalimu ameniambia nichague jambo jingine kama nataka kazi, hili ni la kumpotezea mtu umri wake."

Nikaendelea kuzoa karafuu. Ndipo ukaniambia lile neno, na hukunitazama ulipolisema. Ulisema, "Mimi nililielewa upesi kuliko wenzangu, na si kwa akili. Mama alikuwa akiweka sahani ya Omar kila Ijumaa. Wewe ulikuwa ukipita njia ya mbali kwenda skuli ili usipite kwa Mzee Bakari. Mimi nimesoma kwa ajili ya watu wawili. Nyumba hii yote, Baba, tangu nina akili, inamzunguka mtu asiyekuwemo."

Nililia mbele yako. Sijui kama baba yangu aliwahi kulia mbele yangu. Ulichukua kapu mkononi mwangu, ukamalizia kuanua.

Basi ilipokuja barua ya chuo kikuu cha Uingereza kwamba wamekukubali na gharama zote zimelipwa, ukaitia mfukoni, ukanyamaza. Niliipata habari kwa mkuu wa elimu, barabarani. Nilipokuuliza ukasema, "Siendi. Nani atakaa nawe? Shangazi ana nyumba yake."

"Watu watakaa nami."

"Watu gani? Hizi siku hata salamu watu wanachagua. Na huko kwenyewe wameniandikia, habari ya uzito usioonekana si kazi ya mwanafunzi mgeni, watanipa kazi ya kupima nyota za kawaida. Nitakwenda mbali kote huko nikapewa kitu kingine."

Nikakwambia, "Utapima hizo watakazokupa, utapima vizuri, na hilo lako utakuwa nalo moyoni mpaka wakuzoee."

"Na wewe?"

"Mimi nikikuweka hapa, nitakuwa nimewapoteza watatu."

Nilidhani utakataa. Ukasema tu, "Basi uninunulie koti, huko kuna baridi," na sote wawili tukacheka, na kilikuwa kicheko cha kwanza katika nyumba hii tangu kumzika mama yako.

Asya, sijui kama utakipata unachokitafuta. Umeniambia mwenyewe huenda usikipate, huenda akakipata mtu ambaye bado hajazaliwa, huenda ikaonekana mwisho kwamba hakuna kitu na mizani ndiyo iliyokuwa mbovu. Nilipoanza kazi ya ualimu ningekwambia usiende kutafuta jambo lisilo na jibu. Sasa siwezi. Ninachokuomba ni kimoja. Siku utakayoona hesabu yako haikubali, usiikasirikie. Mimi nilikuwa na hesabu isiyokubali, ikiimba juu ya mikarafuu, ikifungua makufuli ya watu, nami badala ya kuiuliza inaniambia nini, nikaipiga mpaka ikaniondokea.

Watakuwepo watu huko watakaokuona mweusi kwanza, mwanamke kwanza, Mwislamu kwanza, na mwanafunzi mwishoni kabisa. Utaudhika. Kuna siku utajiona huna thamani. Sina dawa ya hilo. Nilichonacho ni habari tu, kwamba kuna mwanamke asiyejua kusoma aliyekaa kwenye jamvi hapa Mtambile, akatazama karafuu zilizopangwa na mtoto wake, akajua ameona nini. Alikuona kabla ya wote. Lala na hilo.

Na ukitaka kulia, lia. Usifanye kama mimi, niliyejifunza uzeeni. Ukipata mtu wa kukusikiliza, mwambie habari za kwenu, usimfichie Omar. Na ukipata mume huko, au usipopata, niandikie mimi kabla hujamwandikia shangazi yako, maana yeye atakodi ngoma.

Sijui utairudia nchi ya namna gani. Watu niliosoma nao chuo kimoja hawazikani tena kwa ajili ya vyama. Huenda ukirudi nipo, huenda sipo. Sikwambii haya ili urudi upesi. Nakwambia ili usije ukasema tena kwamba baba yako alikuficha.

Na hili ndilo la mwisho, na ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Kesho meli yako ikishatoka, sirudi Mtambile. Nguo zangu nimeshazifunga kwenye kifurushi, shangazi yako anadhani ni zako. Skuli imefungwa. Nimekwenda kwa Makame, amechakaa kabla ya umri wake, mguu mmoja haufai, lakini nilipomwambia ninachokitaka hakuniuliza kitu. Alisema, "Nimekungoja siku nyingi, Mwalimu." Atanipeleka mpaka shamba lile la mkonge, tutawauliza watu waliobaki, tutatembea makaburini. Nimechelewa miaka mingi na aliyenituma hayupo tena kupokea jibu. Nitalileta kwako.

Kwa hiyo barua zangu za kwanza zitachukua muda kukufikia. Usiwe na wasiwasi, na usidhani nimeugua. Niko Tanga, namtafuta kaka yako. Nikilikuta kaburi nitakwambia. Nisipolikuta, nitakwambia vilevile.

Nakupenda, mwanangu. Sikuwahi kukwambia kwa mdomo, wala Omar sikumwambia.

Baba yako